Mwalimu Émile na Theluji ya Uongo

Sehemu ya Sita

Kama wiki iliyopita ulikunja gazeti hili kwa hasira, haki yako. Nilimwacha Mwalimu Émile Lifoli mbele ya madame wa ubalozi, mdomo wazi, jasho limeshuka mpaka ndani ya soksi, halafu mimi nikaenda zangu kunywa chai. Nimerudi. Mwenzetu bado amekaa palepale.

Kwa wewe uliyeazima gazeti kwa jirani, ngoja nikuweke sawa haraka. Émile ana miaka sitini na mmoja na anafundisha jeografia katika shule moja ya Tshopo, komini mojawapo ya mji wetu wa Kisangani. Mwezi wa saba anastaafu. Kabla ya hapo anataka jambo moja tu: aende Ulaya siku kumi na nne kama mtalii, aguse theluji, arudi. Ubalozi wa nchi moja ulituma watu wake mjini kwetu kwa siku mbili, wakaweka meza katika ukumbi wa parokia. (Nchi gani, siitaji. Nimeomba viza yao mara mbili, mara mbili wakanirudishia picha zangu tu, na bado sijakata tamaa.) Émile akaingia pamoja na mke wake Marthe, muuza samaki wa moshi.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kwenye fomu, pale wanapouliza kama umewahi kufika kwao, Émile alikuwa ameandika: hapana, hata siku moja. Madame akatikisa kichwa, akaweka alama. Ndipo yule mwanamke anayemsaidia na karatasi na tafsiri akainua macho, akatabasamu meno yote.

"Papa prof! Haunikumbuke? Khadija! Promotion ya elfu mbili na tisa!" Kisha akamgeukia madame, kwa nia njema kabisa, akitaka kumsaidia mwalimu wake wa zamani. "Madame, huyu alitufundisha. Ulaya anaijua sana. Alipitisha baridi nzima kule. Alituelezeaka vile alishika neige, theluji yenyewe, na mikono yake mwenyewe!"

Fomu inasema hapana. Khadija anasema ndiyo. Hapo ndipo chai iliponiita.

"Monsieur Lifoli," madame alisema polepole, na ile kalamu yake ikasimama wima. "Umewahi kufika kwetu, au hujawahi?"

Sasa nikwambie ukweli, maana Émile mwenyewe alikuwa bado anautafuta pa kuuanzia. Hajawahi. Hajafika Ulaya, hajafika Nairobi, hajafika hata Kinshasa. Lakini miaka ishirini na tisa iliyopita, mwalimu mpya, shati moja, alikuwa anafundisha somo la theluji wakati mwanafunzi mmoja alipoinua mkono. "Prof, wewe uliionaka?" Darasa zima likamwangalia. Émile akafikiri kusema hapana. Mdomo ukasema, "Niliishika."

"Iko namna gani?"

"Inafanana na unga ya fufu. Lakini inauma."

Basi. Siku hiyo aliheshimiwa mpaka akasahau kula. Mwaka uliofuata wanafunzi wapya walikuja wameshasikia, wakataka na wao. Akawaongezea treni. Mwaka wa tatu, koti la kuazima. Mwaka wa tano akatokea bibi kizee aliyempa maziwa ya moto kituoni, na huyo bibi kizee akapendwa sana, ikabidi abaki. Uongo wa dakika moja ukawa sura nzima ya mtaala. Émile alijua ni upuuzi. Kila mwaka aliapa kwamba huu ndio wa mwisho, na kila mwaka, mwezi wa kumi na moja, bibi kizee alitokea na maziwa yake.

Ndiyo maana anataka viza. Si mapumziko, si picha. Anataka kuishika ile theluji kweli, hata kiganja kimoja, kabla hajatoka darasani kwa mara ya mwisho, ili asistaafu akiwa mwongo. Sasa unaelewa kwa nini soksi zimelowa.

"Monsieur?"

"Madame," Émile alisema, "inategemea unaelewa vipi kufika."

Ee Mungu wangu.

"Kuna kufika kwa mwili," aliendelea, na alijisikia anavyoendelea, akatamani mtu amfunge mdomo, "na kuna kufika kwa akili. Kwa upande wa akili, mimi..."

"Kwa mwili," madame alisema.

"Kwa mwili, kuna ugumu."

Marthe alikuwa amekaa muda wote huo, mkoba juu ya magoti, kitenge chake cha Jumapili, uso wa mtu anayesubiri mashine ya kusaga. Mambo ya bibi kizee hakuwahi kuyasikia. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, na mume wake hakuwahi kuthubutu kumletea yule bibi nyumbani.

"Khadija, mwanangu," alisema. "Alisema alipitisha baridi kule?"

"Ndiyo, mama. Mpaka mama muzee mumoja akamupatia maziwa ya moto ku gare."

"Mama muzee gani?"

"Wa kizungu, mama."

Marthe alimgeukia mume wake taratibu. "Papa Aimée," alimwita, kwa jina la binti yao wa kwanza, na anapolitamka taratibu namna ile, mbwa wa jirani hutafuta pa kujificha. "Maziwa ya nani?"

"Mama Aimée, nitaeleza nyumbani."

"Utaeleza hapa." Lakini hakumngoja. Alimgeukia madame, akaanza kucheka, kicheko cha sokoni kile kinachoanzia tumboni. "Madame, sikiliza mi. Huyu mutu hata Bafwasende, hapa karibu, hajafika. Bafwasende! Maisha yake yote alisafiri mara moja tu, kufika kwetu Yanonge kuniposa, na saa ya kurudi akatapika ndani ya pirogi mbele ya batonton, wajomba yangu yote. Mutumbwi haujaondoka, umefungwa na kamba! Alitapika juu ya kamba. Ulaya gani? Usiku mumoja nje ya nyumba hajalala, maana haogope mutu mwingine, anaogopa tumbu yake."

Khadija alitafsiri. Alipofika kwenye kamba, sauti yake ikakwama kwa kicheko, ikabidi aanze tena. Madame aliweka kalamu chini. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Émile aliangalia dari. Ukitaka kujua mwanaume anavyojisikia akiokolewa kwa njia ya kuvuliwa nguo, muulize yeye. Mke wake alikuwa amethibitisha mbele ya serikali ya kigeni kwamba fomu ni ya kweli. Hakuna hati wala muhuri ambao ungeaminiwa haraka hivyo.

"Kwa hiyo hukudanganya kwenye fomu," madame alisema, akifuta macho.

"Hapana, madame."

"Ulidanganya wanafunzi tu."

"Ndiyo, madame."

Hapo Khadija aliacha kucheka. Ni kama maneno ndiyo kwanza yalimfikia. Alimwangalia mwalimu wake, akayashusha macho kwenye karatasi, akaanza kuzipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Nilipataka vingt sur vingt, ishirini yote, ku ile leçon," alisema kwa sauti ndogo. "Yule mama muzee, nilimuhadisia mutoto yangu juzi. Alishindwa kulala. Aliniuliza kama angali muzima."

Émile alitaka kusema samahani. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likaona watu, likarudi. Aliona aibu, aibu ya kweli. Aibu ya kupatikana na kosa ameizoea. Hii ilikuwa ya kumwona mtu mzima anazikiwa bibi kizee wake mbele yako.

"Tuendelee," madame alisema. "Hati ya kazi, tafadhali."

Émile alishukuru. Hati ya kazi anayo, ina mihuri miwili. Alifungua farde yake. Nyumba nzima ina farde moja tu ya plastiki, na kila kitu cha safari kilikuwa ndani. Akachomoa karatasi ya kwanza na kumpa madame kwa mikono miwili, kwa heshima.

Madame aliigeuza. Akaigeuza tena upande wa pili. Ulikuwa mguu.

Mguu umechorwa kwa bic, kuanzia kisigino mpaka vidole, mpana, kidole gumba kimekwenda zake kushoto, na chini yake maneno: *Tonton Nephtali. Cheusi. Kisiwe cha plastiki.*

"Ni nini hii?"

"Ni... mguu, madame."

"Wa nani?"

"Wa jirani yangu. Mvuvi. Anavua kule kwenye maporomoko, kwa hiyo vidole vyake..." Émile alionyesha kwa mkono vidole vilivyoachana. "Samahani. Hati ya kazi iko chini yake."

Chini yake kulikuwa na mguu mwingine. Chini ya huo, miguu miwili midogo ya mapacha. Madame sasa alikuwa ameishika farde mwenyewe, anafunua. Miguu ya wanakwaya. Mguu wa mkuu wa shule, kwa karatasi yenye kichwa cha shule. Mguu mmoja umekatwa kwenye boksi la sabuni, mtu hakuwa na karatasi.

Na wewe msomaji wa Kisangani usijifanye hujui, maana wako uko kwenye farde ya mtu mahali fulani. Mtu akitajwa tu kuwa atasafiri, hata tiketi hana, kartie nzima, mtaa wote, inasimama juu ya karatasi na kujichora miguu ili iletewe viatu. Ukikataa kuubeba mguu wa mtu, umemdharau yeye na ukoo wake. Émile hakukataa hata mmoja. Isitoshe, nikisema kweli, alifurahi kuombwa.

"Thelathini na minane," madame alihesabu. "Monsieur Lifoli, wewe unaenda utalii au unaenda kufungua duka?"

"Utalii, madame. Miguu ni... ni adabu tu. Sitawanunulia wote."

"Kwa hiyo watu hawa umewadanganya pia?"

Émile aliuangalia mguu wa Tonton Nephtali. Madame aliandika mstari mrefu kuliko yote.

"Swali la mwisho. Hasa unataka kuona nini kwetu?"

Hili alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo siku tisa. Alinyoosha mgongo. "Theluji, madame. Miaka ishirini na tisa ninaifundisha. Nataka niione kwa macho yangu."

Jibu zuri, la moyoni. Madame mwenyewe alilegea kidogo.

"Lakini theluji mnayo," alisema. "Kule Ruwenzori, upande wa Beni. Mimi nilipanda kabla vita havijachacha. Niliishika."

Mzungu huyu alikuwa ameshika theluji ya Kongo. Mwalimu wa jeografia wa Kongo alikuwa hajaishika. Marthe alikohoa kwenye kiganja.

Kama angenyamaza hapo, nadhani angepona. Lakini kumwambia Émile anyamaze akiwa ameumbuka ni kumwambia mto Tshopo usubiri. Aliingiwa na hofu kwamba sababu yake imenyang'anywa, akaokota ya kwanza aliyoikuta.

"Si theluji peke yake! Nataka kuona majira manne! Masika yao, joto lao, majani yanapodondoka, baridi, yote manne, moja baada ya lingine, kama ninavyofundisha!"

"Majira manne," madame alirudia.

"Yote, madame."

"Katika siku kumi na nne."

Émile alipiga hesabu. Alifundisha hesabu hiyo hiyo kwa miaka ishirini na tisa. Majira manne ni mwaka mzima. Alikuwa amemwambia afisa wa viza, kwa mdomo wake, kwa hiari yake, na kwa sauti ya kushangilia, kwamba anakusudia kukaa mwaka mzima.

Kalamu ilikuwa inaandika.

"Na wewe, mama?" madame aliuliza bila kuinua kichwa. "Unataka kuona nini?"

"Mi? Hapana kitu," Marthe alisema. "Nasindikiza bwana yangu tu. Anapoteaka hata ku soko."

Khadija alitafsiri. Kalamu ikasimama.

"Hupendi kuona chochote?"

"Nitaangalia chenye kiko, kama iko muzuri nitasema iko muzuri. Halafu nitarudi."

"Nitajuaje kama utarudi?"

Marthe alimtazama kama mteja anayeuliza kama samaki ni samaki. "Madame, samaki yangu inatoka Yanonge kila jeudi, kila Alhamisi. Jeudi moja nikikosa, bakliya, wateja yangu, wataningojea. Jeudi mbili, wataningojea na hasira. Jeudi ya tatu, Stéphanie mwenye meza pembeni yangu amekamata bakliya yangu wote, na huyo Stéphanie, hata mufupa hatanibakizia. Siku kumi na nne ni jeudi mbili. Donc siku ya kumi na tano mi niko hapa, hata ndege ikatae, hata munifunge. Na mukinifunga mutanisikia."

Khadija alitafsiri neno kwa neno, pamoja na Stéphanie. Madame alicheka, akaandika kitu kifupi sana, akafunga faili zote mbili.

"Mtapata jibu baada ya wiki moja."

Wiki hiyo Émile alikonda. Marthe alikuwa amemsamehe kwa namna yake, yaani kila asubuhi alimwekea kikombe mezani na kuuliza kama leo atakunywa chai au maziwa ya moto. Alikunywa chai akiangalia ukuta. Shuleni hakuthubutu kufungua sura ya theluji. Alifundisha majangwa, na mwanafunzi mmoja alipouliza kama aliwahi kufika Sahara, alitoka nje akisingizia kikohozi.

Ijumaa, mchana mweupe, pikipiki iliingia kwenye parsele, uani kwa Émile. Dereva ni Carlos, motari anayejulikana Tshopo nzima, naye pia mwanafunzi wa zamani wa Émile. Nyuma yake alikaa Khadija, na mkononi bahasha mbili za khaki.

"Zilifika parokia leo, nikasema nilete mwenyewe," alisema, akimwangalia Marthe zaidi kuliko mwalimu. "Haiko muzuri papa prof apange mustari."

Hakuna kitu kinachokwenda haraka Kisangani kama bahasha ya khaki. Kabla Khadija hajashuka vizuri, Tonton Nephtali alikuwa ameshafika mlangoni na vidole vyake vyote. Wanakwaya walitoka mazoezini na ngoma zao. Wamama waliacha majani ya pondu kwenye kinu. Émile alimvuta Marthe ndani, Khadija akafuata, wakafunga mlango. Nje nyimbo zilikuwa zimeshaanza.

Alifungua yake. Karatasi moja, visanduku kumi, kimoja kimetiwa alama. *Nia ya mwombaji kurudi nchini kwake haikuthibitika.* Akaisoma mara mbili. Akaigeuza nyuma, labda kuna mzaha umeandikwa. Hakuna.

Nitasema tu: alilia. Kidogo, upande mmoja, akijifanya anatafuta miwani.

"Pole, Papa Aimée," Marthe alisema, na safari hii hakuwa na utani. Alimshika bega. "Pole sana. Walikosa adabu."

"Basi imekwisha," Émile alisema. "Fungua na yako, tuzitupe pamoja."

Marthe alifungua. Ndani ilikuwa pasipoti. Ndani ya pasipoti, kwenye ukurasa uliokuwa mweupe wiki iliyopita, palikuwa pamebandikwa kitu cha rangi, kinang'aa, na picha yake, kitenge cha Jumapili, uso wa mtu anayesubiri mashine.

Émile aliichukua. Akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Wamekosea," alisema.

"Hawakukosea, papa prof," Khadija alisema. "Madame alisema kama kuna mutu mumoja Kisangani nzima mwenye atarudi, ni huyu mama."

Sasa angalia mambo ya binadamu. Wivu ulimkamata Émile, wivu wa wazi, wa kitoto. Anajua miji mikuu yote ya bara lile, mito yake, urefu wa milima yake kwa mita. Mke wake anajua bei ya samaki. Alijua ni ubaya kufikiri hivyo, akajitukana kimoyomoyo, akaendelea kufikiri. *Sema hapana,* aliomba. *Sema bila mimi hauendi. Si ulisema unanisindikiza tu?*

"Bon," alisema, akijaribu sauti ya ukarimu. "Basi hakuna atakayekwenda. Tulijaribu."

"Nani alikuambia?" Marthe alisema.

"Ulisema hautaki kuona kitu."

"Nilisema vile maana ilikuwa safari yako." Alikuwa anaigusa ile picha kwa ncha ya kidole, taratibu. "Miaka makumi tatu na tatu nalala na mutu mwenye kusema ndani ya usingizi maneno ya Alpes na neige na nini na nini. Unafikiri sijapata hamu? Wewe ndiye ulinipatia hii hamu, Papa Aimée. Uliniulizaka hata siku moja? Mi nataka kuiona. Nitaenda."

Kweli, Émile hakuwahi kumwuliza.

Mlango ulipigwa. "Prof! Viza imetoka ao haijatoka?"

Marthe, ambaye hajawahi kuficha bidhaa, alifungua mlango na kuinua pasipoti juu. "Imetoka!"

Yaliyofuata hayakuchukua dakika. Mikono ilimnyakua Émile, akapanda juu ya mabega ya wanakwaya, ngoma zikalia, wamama wakapiga vigelegele, mtu akaanza kupeperusha karatasi yenye mguu aliyoichelewesha wiki iliyopita. "Prof! Prof! Prof!" Viatu vya Émile vilikuwa usawa wa paa la bati. Aliiona Tshopo yote kutoka pale juu.

Na ilikuwa tamu, msomaji. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Kwa sekunde kama kumi Émile aliacha iwe yake. Alipunga hata mkono. Kisha aliangalia chini na kumkuta Marthe amesimama peke yake kando ya jiko lake la moshi, pasipoti kifuani, hamsemi wala hamchekei. Anamwangalia tu.

"Nishusheni," Émile alisema.

Hawakusikia. Ilibidi apige kelele, na ampige Tonton Nephtali, aliyemshika mguu, kofi la utosi. Walimshusha. Nyimbo zikafa moja moja.

"Si yangu," alisema. "Mimi walinikatalia. Viza ni ya mama."

Wanakwaya waliangaliana. Tonton Nephtali aliangalia miguu yake.

Ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa imetoka. Émile alivuta pumzi. Alijisikia mwepesi, akafikiri ya kuogopwa yote yamekwisha. Maskini.

"Mawa, huzuni ya nini?" Carlos, yule motari, alipiga kelele akiwa juu ya pikipiki yake. "Mbona munanuna? Prof si alishakwendaka! Alishika neige kabla wengi wenu hawajazaliwa! Ni yeye ndiye amemuachia mama nafasi. Batu, hiyo ndiyo inaitwa bwana!"

Parsele ililipuka. Makofi, ngoma, vigelegele mara mbili ya vile vya kwanza. Mama mmoja alimwonyesha mume wake kwa kidole: unaona wenzako? Mkuu wa kwaya alikuwa na machozi. Wanaume walikuja kumpa Émile mkono, mmoja mmoja, kwa heshima ya msibani. Émile akaipokea mikono hiyo. Wa kwanza, wa pili, wa tano. Uongo wake wa miaka ishirini na tisa ulikuwa umemvalisha koti jipya, na koti lilimkaa vizuri.

Khadija alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia vumbi. Angeweza kusema ukweli.

"Donc, prof," Carlos aliendelea, na aliinua mikono watu wanyamaze. "Mama hajue ile inchi. Umuelezee mbele yetu wote, vile ulituelezaka sisi ku classe. Ile baridi inashikaka mutu namna gani? Avae nini? Yule mama muzee wa maziwa, atamukuta wapi?"

"Ee! Elezea, prof!"

Watu walikaa chini. Wengine walikaa kwenye vinu vilivyogeuzwa, wengine kwenye mchanga, wanafunzi wa zamani wakajisogeza mbele kama walivyokuwa wakijisogeza zamani. Mafuta ya samaki yalisikika yakidondoka kwenye moto wa jiko. Marthe alikunja mikono. Hakumsaidia. Hakucheka.

Émile alifungua mdomo. Treni ilikuwa pale, tayari. Koti lilikuwa pale. Bibi kizee alikuwa ameshapasha maziwa.

"Sijui," alisema.

Carlos alicheka, akidhani ni mtindo mpya wa kuanza hadithi. Halafu aliuona uso wa mwalimu wake, na kicheko kikamwishia njiani.

"Haujue nini, papa prof?"

Itaendelea wiki ijayo.